Mkunazi wa Baridi

Zaharani, kifurushi kimefika.
Kimelala forodhani siku kumi na tisa,
kimefunguliwa, kimefungwa tena kwa utepe wa rangi nyingine,
lakini kimefika Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
na Shangazi Mwanamkasi kakipokea kwa mikono miwili
kama apokeaye mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Umeandika: "Chai ya moyo. Wazee wa huku hunywa."
Jina la mti hukuandika.
Ndani, vitunda vikavu, wekundu umevikimbia,
na juu ya boksi picha ya tawi:
ua jeupe, jani la kuchanikachanika, mwiba.
Shangazi akavaa miwani ya marehemu mumewe,
akautazama mwiba ule mpaka chai yake ikapoa.
"Huyu," akasema, "ana udugu na wangu."

Wake unaukumbuka, nyuma ya choo,
ule uliokuchana kaptula siku ya Idi
ukailia kaptula kuliko paja.
Bado unatoa. Asubuhi hodi hazikatiki:
mwenye mba anataka majani ya povu,
mwenye chango anataka mzizi wa upande wa mashariki,
aliyeota vibaya huhesabiwa majani saba
na kuazimwa mawe mawili ya kusagia, ayarudishe.
Na wapo wasiosema wanataka nini,
wanaosimama mlangoni, kanga kiunoni, macho chini.
Hao huwakatia tawi zima, pesa hapokei,
nasi tukajua kuna msiba.

Ila dawa ya moyo hakuwa nayo.
"Mkunazi umenipa kila kitu," husema,
"moyo umeniachia mwenyewe."
Na wake, tangu mfungo uliopita,
unakwenda kama cherehani ya fundi Hatibu:
unakimbia, unasimama, unakata uzi.
Bombo wamempa vidonge vyeupe, vidogo kama mbegu za pilipili,
avimeze daima.
Neno hilo, daima, lilimchukiza siku tatu.

Nikalipeleka boksi lako kwa daktari.
Akalisoma, akatafuta kwenye simu, akakuna kidevu.
"Si kitu kibaya," akasema,
"lakini pamoja na vidonge hivi, hapana.
Moyo mmoja usiufunge kamba mbili."
Nikarudi na maneno hayo nimeyabeba kama yai.

Nilidhani atanuna.
Akacheka mpaka kanga ikamdondoka.
"Dawa isiyoogopwa," akasema, "ni uji tu."
Akameza kidonge chake mbele yangu,
akafungua mdomo nihakikishe.
Kisha akavimimina vitunda vyako kwenye ungo,
akavihesabu, akavikosea, akavihesabu upya,
akavifukia kwenye kopo la maziwa alilolitoboa kwa msumari:
udongo wa Pongwe, samadi ya mbuzi kidogo.
Kopo akaliweka chini ya mkunazi.
"Wazoeane."

Na jina kaupa: mkunazi wa baridi.

Nimemwambia vimekaushwa, Zaharani,
vimepita kwenye joto na mashine, havioti.
Akanitazama kama nimemwambia maji yanalowesha.
Hulimwagilia lile kopo kila baada ya Alfajiri,
kikombe mkono wa kulia,
wa kushoto kifuani, ukisikiliza.
Mwezi wa nne huu. Limeota jani moja la kwekwe
naye hataki ling'olewe.

Jana kaniagiza nikuulize,
na kaniapisha nisikujibie.
Unajua hachumi hata jani
kabla hajagonga shina mara tatu
na kulitajia jina la mgonjwa.
Sasa huko kwenu, mchumaji,
naye hugonga?
Na siku alipovichuma hivi,
alitaja jina la nani?